Plasta ya Matanga

"Nimefaulu, Chiku wee, tena daraja la kwanza! Na mama tumemzika wiki iliyopita, pilau la hitima lilikuwa tamu hilo!"

Shoga yangu akapiga ukelele kwenye simu. Yuko ng'ambo, na huko hawana sheria yetu ya kumbandika kila mfiwa plasta shingoni kabla maiti haijatoka nyumbani.

"We mwendawazimu? Unacheka nini?"

"Si plasta hii ya shingoni! Chuoni tumesoma, mwili unajitengenezea kitu kama bangi, kinashika vipokezi vya ubongo, kinatuliza maumivu. Plasta inamwaga dawa kama hiyo ya kiwandani humo humo. Sisikii uchungu, shoga, nakula tu!"

"Na huyo anayelia ni nani?"

"Shangazi Mwanakombo, yuko chumbani kwa mama. Kabandua yake jana, tangu hapo hanyamazi. Vipokezi vikimiminiwa sana vinapungua, sasa ile dawa ya mwili wake inakosa pa kushika. Nimemweleza, kanifukuza."

"Kakwambiaje?"

"Eti, 'Hayo ya chuo peleka chuoni. Kesho tanga linaanuliwa, mwanangu. Mama yako aende bila chozi lako?'"

Chiku akauliza taratibu, "Mama alikuaga vipi kabla hajafa?"

Maneno ya mama nayakumbuka yote. Nikayapitisha kichwani, yakawa kama tangazo la redio.

"Chiku, nimeshika ncha ya plasta. Ukucha umeshaingia. Nakupigia kesho, nikipata sauti, nikwambie alivyoniaga."