Nyangumi Hazirudi

Hakuna bibi hapa Mirihi anayezijua manowari za anga kunishinda. Basi, nayajua madaraja matatu tu, na la tatu nililiona kwenye kanga. Dagaa hupiga doria, Papa hupigana, na Nyangumi hazirudi.

Sheria inataka kila nyumba itoe mtoto mmoja. Afande Kitwana akaja kumchukua mjukuu wangu Siwatu, apande Nyangumi.

"Hatoki," nikamwambia, nimejaa mlangoni kwa makalio yote.

"Bibi, hata binti yangu Ruwaida yumo humo mwaka wa pili. Ananenepa tu."

Saa yake ya mkononi ikaita. "Baba, ni mie Ruwaida. Nikuwekee wali, au umeshakula hukohuko?"

Afande akaifunika saa kwa kofia. Nami nikazidi kuuziba mlango.