Mkono wa Marehemu

Mchapaji, aliyeletwa kukagua maandishi, alipanda ngazi, akaweka rula juu ya herufi a ya kwanza, kisha ya pili. Chini yake ukoo mzima ulikuwa umekusanyika, ukimtazama.

Juu ya mlango, kwa rangi nyekundu, kulikuwa kumeandikwa: Nyumba hii namwachia mke wangu. Herufi nene za brashi, zimeinama mbele kama mtu aliyechelewa kazini. Marehemu alikuwa mchora mabango, na nusu ya maduka ya mtaa yalikuwa na herufi za namna hiyo hiyo. Wazee walishakata shauri. Ikiwa ni mkono wake, mjane anabaki. Ikiwa siyo, nyumba inakwenda kwa mdogo wa marehemu, na mjane afungashe virago.

"Kwanza," mchapaji alisema, "hizi ni herufi za kuitia wateja. Jina la saluni, juisi baridi, bei imeshuka. Maneno mawili matatu, makubwa, mpita njia ayadake hata akiwa na haraka. Nani anaandika wosia kwa herufi za kuuzia juisi?"

Watu walicheka. Hata shangazi wa marehemu, aliyekuwa akilia tangu asubuhi, alicheka.

"Ndizo alizozijua," mjane alisema. "Nilitoka kumwuguza dada yangu, nikakuta ameshamaliza, rangi imemchafua mpaka kwenye viwiko. Mkono wake ulishaanza kutetemeka, lakini siku ile ulitulia kwa ajili yangu."

"Hapo ndipo penye shida, mama. Umetulia mno. Tazameni wenyewe: a ziko tano, na zote zimelingana kama matofali. Brashi ikishikwa na binadamu, a hii itanenepa kidogo, ile itavuta mkia. Hizi zimetoka kwenye kompyuta, zikakatwa kwenye karatasi, mtu akajaza rangi kwenye matundu. Huu si mwandiko wa mtu."

"Mwizi wewe!" shemeji yake, yule mdogo wa marehemu, alifoka. "Kaburi halijakauka, ushaanza kumsingizia mume wako maneno?"

Mjane aliapa, akalia, akawashika wazee miguu mmoja mmoja. Hakuna aliyemwinua. Kabla jua halijazama, godoro na sufuria zake zilikuwa barabarani, na shangazi mwenyewe ndiye aliyetoa kiti cha mwisho.

Wote walipoondoka, shemeji alimshika mchapaji bega. "Chumba cha mbele ni chako, kama tulivyosema. Lete mashine zako ukitaka hata kesho. Lakini kaka, una jicho! Umejuaje upesi namna ile?"

Mchapaji alikuwa anakunja ngazi yake.

"Nilizikata mimi, kutoka kwenye picha za mabango yake ya zamani. Kaka yako alikaa dukani kwangu akilia, akanisihi mkewe asije akajua kwamba mkono hauandiki tena."