Jina Chini ya Picha

Naseem hakungoja kukaa. Alikifungua kitabu cha picha cha historia ya muziki wa kantri palepale kwenye kaunta ya maktaba ya Downsview, theluji ikiyeyuka kwenye koti lake.

Akajiona: msichana wa Tanga na gitaa lake, mbele ya wanaume wanne wa bendi ya Toronto. Binti yake, aliyesimama naye, siku zote alidhani hizo ni porojo.

"Mama, ni wewe kweli?"

"Soma jina."

Binti akalisoma, kisha akalirudia kwa sauti iliyogeuza vichwa vya watu.

Naseem akavua glavu, akapapasa ncha za vidole vyake. Zilikuwa laini, hazikugusa nyuzi tangu aolewe.

"Nipeleke duka la magitaa," akasema. "Sasa hivi."