Ndevu za Mtoano

"Nyoa zote," Kauko alisema akikaa kwenye kiti.

Kinyozi alibaki ameshika mashine. Naye ndevu zilimjaa usoni, kama wanaume wote wa mji ule. Mtoano wa hoki ya barafu ukianza, hakuna shabiki anayenyoa mpaka timu itolewe. Na timu ilikuwa haijatolewa. Ilikuwa inacheza fainali saa ile ile, redio ikitangaza kando ya kioo.

"We mzee, unataka kututia mkosi?"

"Mkosi gani tena? Hukusikia habari asubuhi? Wenye ligi kuu wamefunga mlango. Bingwa wa ligi yetu ya chini hapandi daraja, si mwaka huu wala mwaka wowote. Sasa tunachezea nini?"

"Kombe."

"La kunywea kahawa."

Kinyozi hakucheka. Alinyoa shavu la kushoto polepole, mvi zikamwangukia Kauko mapajani. Ngozi ikatokea nyeupe, imesinyaa, kama ya mtu aliyetoka hospitali.

Ndipo redio ikalipuka. Goli! Timu yao inaongoza, zimebaki dakika mbili. Barabarani magari yakaanza kupiga honi.

Kauko alikuwa ameshasimama bila kujijua, ngumi juu, kitambaa cha kinyozi kinaning'inia shingoni. Miaka arobaini alikuwa akilisubiri goli lile. Kwenye kioo alijiona ana ndevu upande mmoja.

"Niishie hapa?" kinyozi aliuliza kwa upole. "Huu upande bado upo."

Kauko akaketi, akamgeuzia shavu la kulia.

"Malizia. Na hiyo redio, izime."