Mbuzi ya Nazi Barazani

Likizo ya miezi ya joto, Mwanahawa alikuja na wanawe wanne kwa kaka yake, kama kila mwaka. Raya, mke wa kaka, akafua mashuka, akaogesha watoto wa wifi na wake mwenyewe. Tangu alfajiri hakukalia kiti, ila ile mbuzi ya kukunia nazi.

"Wifi, leo wali tutaula magharibi?" Mwanahawa aliuliza kutoka barazani, akijipepea kwa pindo la khanga.

Shomari, mume wa Raya, akacheka. "Mwache, dada. Huyo akiharakishwa hununa."

Basi Raya akaibeba mbuzi pamoja na sinia na vizio viwili vya nazi, akaviweka miguuni pa wifi yake.

"Kuna."

"Mimi mgeni, Raya."

"Mgeni wa wiki tatu. Hata jembe sijakupa, nimekupa nazi."

Shomari akainuka kitini, uso umemvimba. Kabla hajafungua kinywa, Raya alikuwa amekikalia kiti chake, amenyoosha miguu.

Jikoni maji ya wali yakachemka, yakafurika, yakaanza kumwagikia motoni. Moshi ukatoka mlangoni, na wote wanne wa Mwanahawa wakageuka kumtazama mama yao.