Aliyeanguka Kutoka Putoni

Walimsema mbele ya uso wake, kama mbuzi wa sikukuu.

"Basi nani atamchukua Shangazi Dorinda?" akauliza Beryl, mikono imejaa magazeti ya kufungia vikombe. "Ijumaa narudisha ufunguo wa nyumba hii ya Bibi. Kwangu mimi hata paka hana pa kujinyoosha."

"Usinitazame mimi," akasema Cyril, binamu yake, aliyekuja kutoka Derby kwa treni ya asubuhi. "Mke wangu alimwona mara moja tu. Alirudi nyumbani akalala taa inawaka."

"Macho hayo."

"Macho hayo, dada. Yanakufuata mpaka chooni."

Shangazi Dorinda alikaa kwenye kiti chake cha dirishani, shali limetobolewa na nondo, mikono imetulia mapajani. Hakuna aliyemwuliza kama angependa chai, na yeye hakuwa mtu wa kudai. Tangu Babu Ambrose afe, mwaka wa kumi na tisa huu, hakuwa ametamka neno. Nyumba nzima ilikwishazoea.

Nje, kwenye kiwanja kitupu, watu wa mtaa walikuwa wakirundika viti vibovu na magodoro. Ilikuwa tarehe tano Novemba. Jioni wangewasha moto, na juu ya lundo wangemkalisha mtu wao wa majani aungue nalo, kama Waingereza wafanyavyo kila mwaka usiku huo.

Cyril alipangusa makombo mezani, akakunjua karatasi ndefu ya nasaba ya kina Tunnicliffe. Miaka minne alikuwa akiihangaikia: makaburi, vitabu vya kanisa, matangazo ya maonyesho yaliyopauka. Babu Ambrose, mchana mrusha maputo, jioni mtu wa jukwaani. Bibi Florence, mkewe, mwimbaji, aliyezikwa mwezi wa nne. Lilibaki jambo moja. Mji wa Wolverhampton ulitaka kupachika kibao cha shaba kwenye daraja la mfereji, cha kumkumbuka mwanamke aliyeruka kutoka putoni, na mchongaji alikuwa akingoja jina tangu Jumatatu.

"Sikiliza," akasema, akainua kipande cha gazeti. "Agosti 1893. Puto limepaa, watu elfu tisa wametoa macho. Juu kule, mwanamke mwenye gauni la rangi ya fedha akaruka na parachuti. Haikufunguka. Akatua mferejini kama kiroba cha mkaa. Wakamtafuta mpaka jioni, wasione hata kiatu. Na kesho yake Bibi yuko jukwaani anaimba, hana mkwaruzo."

"Bibi alikuwa mgumu."

"Mgumu? Bibi yule aliyepanda juu ya meza akiona panya?"

Cyril akauma kalamu. Shangazi Dorinda akapata tumaini. Endelea, mwanangu, akamwomba kimoyomoyo. Umeshafika mlangoni, sukuma tu.

Maana yeye alikuwepo. Katika kapu la puto walikuwa watatu: Ambrose, Florence na yeye. Jukwaani pia walikuwa watatu, na kusema kweli, watu walikuja kumsikiliza yeye. Florence alilijua hilo, wala hakumsamehe mpaka kufa. Kule juu, Florence alichungulia chini, akaona nyumba zimekuwa kama viberiti. Akajikunja ndani ya kapu, akalia, na kuruka akakataa katakata. Watu elfu tisa wanangoja. Ambrose akamvua mkewe gauni la fedha, akamvika Dorinda.

"Mpenzi," akamnong'oneza, "wewe hujawahi kuniangusha."

Kisha akamsukuma.

Mguu wake wa kushoto ulivunjika siku ile, na haukuunga tena. Giza lilipoingia Ambrose alimwopoa mwenyewe kwenye matete. Sifa akapewa mke. Kesho yake Dorinda alikaa jukwaani bado ana unyevu, mkono wa Ambrose mgongoni pake kama siku zote, akawachekesha watu mpaka wakashika mbavu. Mkono ule ukiwapo, hakukuwa na neno la kumshinda. Siku ulipoondoka, uliondoka na yote.

"Labda si Bibi aliyeruka," Cyril akasema polepole. "Labda alikuwapo mwingine."

"Mwingine gani, kaka? Kapuni walipanda Babu, Bibi na…" Beryl akaelekeza kidevu dirishani.

Wakatazamana. Wakacheka mpaka Beryl akaweka vikombe chini visije vikavunjika.

"Shangazi aruke putoni," Cyril akasema, akifuta machozi. "Nikiandika hivyo, na mimi watanitafutia kiti cha dirishani."

Akainamia karatasi, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa mwalimu: Florence. Akapuliza wino ukauke.

Shangazi Dorinda aliitazama kalamu ikifungwa. Sema sasa, alijiambia. Sasa hivi, hata neno moja. Neno halikuja.

Mlango ukabishwa. Alikuwa jirani, Bwana Pargeter, kofia inachuruzika mvua.

"Hodi wenyewe. Jamani, mtu wetu wa majani kaloa chepechepe, na kichwa kimedondoka. Hamna chochote cha kukaa pale juu?"

Beryl akamtazama Cyril. Cyril akatazama dirishani. Wote wawili wakashusha pumzi, kama watu waliotuliwa mzigo.

"Mchukue Shangazi," Beryl akasema. "Shali mwachie. Nje kuna baridi."

Bwana Pargeter akamkwapua kwa mkono mmoja. Pale kizingitini kiganja chake kikateleza, kikazama katika tundu la mgongoni, kidole kikanasa kamba ambayo Ambrose alikuwa akiivuta alipomsemea jukwaani. Taya la mbao la mwanasesere, lililofumba miaka kumi na tisa, likafunguka wazi, tayari kusema.

Lakini sauti alikuwa nayo Ambrose.