Bwana Sawa Akataa

"Nitume?" Wakala akauliza.

Kwa mara ya kwanza katika miezi minane, Bwana Sawa hakusema "sawa".

Wakala ni programu ya akili mnemba inayowalipa watu kwa sarafu za kidijitali za kampuni. Sheria inataka binadamu aidhinishe kila muamala, na binadamu mwenyewe ndiye Bwana Sawa. Kutwa anasema "sawa" kwenye maikrofoni. Jina lake halisi lilishasahaulika ofisini. Naye hujicheka. "Kazi yangu hata kasuku angeiweza," humwambia mkewe, "tena kwa mshahara mdogo zaidi."

Lakini leo mkaguzi alikaa pembeni yake, kalamu mkononi. Akiona binadamu huyu ni pambo tu, nafasi itafutwa, na kazi nyingine hana.

"Soma tena," aliamuru, akikaza sauti.

"Kiasi kilekile, kila tarehe ishirini na nane, mara ya nane sasa. Mpokeaji ni mtu wa humu ofisini."

"Kwa huduma gani?"

"Nimetafuta kazi aliyoifanya. Sijaiona."

Mkaguzi akainua macho. Bwana Sawa akahisi damu ikimchemka. Mara saba mwizi huyu amepita, na aliyempitisha ni yeye, bwege mwenye kiti cha kuzunguka! Akamtupia jicho mhasibu, shemeji wa bosi, ambaye siku hizi kila wiki ana viatu vipya.

"Usitume!"

"Una uhakika, msimamizi?"

"Mia kwa mia. Tena mfungie kabisa, asipate hata senti. Watu tunatoka jasho hapa, yeye anakula bure!"

"Sawa," akasema Wakala.

Mkaguzi akampa mkono. "Hongera. Kumbe humu kuna binadamu kweli." Bosi, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akapiga makofi. Bwana Sawa akajiona mtu, mpaka machozi yakamlengalenga.

"Hebu nionyeshe jina la mpokeaji," mkaguzi alimwambia Wakala, "niliingize kwenye ripoti."

Jina likatokea kwenye skrini. Bosi akaacha kupiga makofi. Bwana Sawa alilisoma mara mbili, jina ambalo siku hizi ni mkewe tu humwita, akakumbuka kuwa tarehe ishirini na nane ndiyo siku ya mshahara.

Mkaguzi akalinakili taratibu, herufi kwa herufi, kisha akageuza ukurasa.

"Na wewe uliyemkamata," akauliza kwa bashasha, "jina lako kamili nani?"